Namba ni ya benki, anayepiga si benki: spufingi hufanyikaje na mtu ajikinge vipi?

Mdadisi77

Salaam wakuu. Naomba wenye ujuzi wa simu na mitandao watufafanulie hii spufingi, yaani mtu kujivika namba, anwani au tovuti isiyo yake.

Kwanza, inawezekanaje simu iingie ikionyesha namba ileile iliyochapwa nyuma ya kadi ya benki, kumbe anayepiga ni tapeli? Pili, SMS ya tapeli inaingiaje kwenye mfululizo uleule wa SMS halali za benki, chini ya jina lilelile? Tatu, kuna zile barua pepe zinazoonekana zimetumwa kutoka kwenye anwani yako mwenyewe, zikidai umedukuliwa na kukutaka ulipe. Je, hiyo ni dalili kwamba akaunti imeingiliwa kweli?

Ushauri unaotolewa kila mara ni "kagua nani amekutumia". Sasa kama kinachoghushiwa ni hicho hicho kinachoonyesha nani ametuma, mtu akague nini?

---

FundiMawimbi

Umegusa penyewe. Ukielewa kwamba namba au jina linalotokea kwenye skrini ni maelezo yaliyoandikwa na anayetuma, si kitu kilichothibitishwa na simu yako, mengine yote yanafunguka. Nitajibu la simu na la SMS, la barua pepe nawaachia wenzangu.

Mitandao ya simu ilijengwa enzi ambazo kampuni zilizounganishwa zilikuwa chache na zilifahamiana, kwa hiyo mtandao mmoja uliamini namba ulioletewa na mwingine. Leo simu nyingi huanzia kwenye intaneti. Mwenye seva ya simu za intaneti ana sehemu ya kujaza namba ya mpigaji, na mtoa huduma asiyejali huipitisha ilivyo. Sehemu hiyo ina matumizi halali: kituo cha huduma kwa wateja chenye laini mia kinataka wateja waone namba moja tu. Tapeli anatumia mlango huohuo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: simu yako huchukua namba iliyoletwa na kuilinganisha na orodha ya majina uliyohifadhi. Tapeli akighushi namba ya mama yako, jina la mama na picha yake vitatokea. Kwa hiyo kuzuia namba usizozijua hakukukingi na hili.

Kuna nchi zimeanza kuweka saini ya kidijitali kwenye simu. Marekani, kwa mfano, kampuni kubwa zilitakiwa kuwa na mfumo wa STIR/SHAKEN kufikia tarehe 30 Juni 2021. Mtandao anakoanzia mpigaji hutia saini ikisema kama unamfahamu mteja na kama ana haki ya kutumia namba ile. Ni hatua nzuri, ila saini hupotea simu ikipita kwenye mitambo ya zamani isiyo ya intaneti, na simu za kutoka nje ya nchi mara nyingi hufika bila saini. Tena saini inazungumzia namba tu, haisemi kama mtu ni mwaminifu.

Kinga yake ni kukata na kupiga wewe. Namba ikighushiwa, tapeli anaweza kukupigia *akionekana* ni benki, lakini wewe ukiipiga namba hiyo, simu inakwenda kwa mwenye namba wa kweli. Mambo ya kuzingatia hapo:

- Piga namba ya nyuma ya kadi, au ya ndani ya programu rasmi ya benki. Usitafute namba kwenye injini ya utafutaji, maana matapeli hulipia matangazo yenye namba zao yakae juu kabisa.
- Usipige namba aliyokutajia mpigaji, wala usikubali "nakuunganisha na idara ya usalama".
- Kwenye simu za mezani za mifumo ya zamani, laini inaweza kubaki wazi kwa muda ikiwa aliyepiga hajakata. Tumia simu nyingine, au subiri dakika kadhaa.

Halafu jihadhari na msimbo wa uthibitisho. Tapeli anakuwa tayari ana jina na nywila yako, anaingia kwenye akaunti wakati mnaongea, na benki inakutumia msimbo halisi. Yeye anakwambia, "Tumekutumia msimbo wa *kusitisha* muamala, nisomee." Mtu anaona SMS imetoka benki kweli, anaamini. Soma maneno yote ya SMS hiyo, si tarakimu tu, kwa sababu mara nyingi imeandikwa ni msimbo wa kuingia au wa kuidhinisha malipo. Kusitisha muamala hakuhitaji umsomee mtu msimbo.

Tuje kwenye SMS. Mfumo unaruhusu mtumaji aweke jina la herufi na tarakimu lisilozidi 11 badala ya namba. Simu yako hupanga ujumbe kwa kufuata jina hilo peke yake. Ukija ujumbe wenye jina sawasawa na la benki, simu inauweka chini ya zile za halali, haina kingine cha kuutofautisha. Kwa hiyo ujumbe kukaa kwenye mfululizo wa zamani hakuthibitishi kitu.

Kuna njia nyingine mbaya zaidi: mnara bandia mdogo unaobebwa hata ndani ya gari, unaozilazimisha simu zilizo karibu zishuke hadi 2G, ambako simu haina namna ya kuuhakiki mnara. SMS zake hazipiti kabisa kwenye vichujio vya kampuni ya simu. Android kuanzia toleo la 12 ina kitufe cha kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini, kwa simu zinazokubali. Kama unakoishi 4G inatosha, izime.

---

Barua_Halisi

Nachukua swali la tatu, na jibu fupi ni kwamba mara nyingi sana akaunti haijaguswa.

Itifaki ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982, na haikuwekewa njia ya kuhakiki mtumaji. Barua ina anwani mbili za mtumaji: ya bahasha, ambayo seva huambiana wakati wa kupokezana, na ile ya mstari wa "From" ndani ya barua, ambayo ndiyo unayoiona. Hazilazimiki kufanana. Mtu anaweza kuandika anwani yako kwenye "From" bila kuijua nywila yako, na hivyo ndivyo wanavyofanya hao wa vitisho. Wakati mwingine hutia nywila yako ya zamani ili uogope. Hiyo hutoka kwenye hifadhidata za tovuti zilizowahi kuvuja, na unaweza kukagua anwani yako kwenye tovuti ya Have I Been Pwned. Kama nywila hiyo bado inatumika popote, ibadilishe leo. Usilipe, na usimjibu.

Ukitaka uhakika, fungua barua yenyewe kwenye kompyuta. Kwenye Gmail, bonyeza nukta tatu zilizo upande wa barua na uchague kuonyesha barua asili. Juu utaona mistari mitatu: SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja na PASS au FAIL.

SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba ya domeini, yaani jina la mtandaoni kama example.com. Udhaifu wake ni kwamba inakagua anwani ya bahasha, siyo ile unayoiona. DKIM ni saini ya kidijitali inayoonyesha domeini fulani ilitia saini barua hii, na kwamba sehemu zilizosainiwa hazijabadilishwa njiani. DMARC ndiyo inayofunga mkanda: inadai kwamba SPF au DKIM ipite *na* domeini iliyopita ifanane na ile ya "From". Barua ya vitisho yenye anwani yako kwa kawaida hufeli hapo. Ikiwa imepita yote, na ipo pia kwenye folda ya zilizotumwa, hapo ndipo uanze kuamini kwamba kuna mtu ndani.

Kama unatumia huduma nyingine, tafuta mstari wa "Authentication-Results" kwenye vichwa vya barua. Amini ule wenye jina la seva ya mtoa huduma wako tu. Mtumaji anaweza kubandika mstari wa uongo wa aina hiyo kabla hajatuma. Vivyo hivyo mistari ya "Received", inayoonyesha seva ambazo barua ilipitia: inasomwa kutoka chini kwenda juu, na ya chini kabisa inaweza kuwa ya kubuni.

Sasa msikilize sana hapa. PASS tatu hazimaanishi barua ni ya kweli. Zinamaanisha barua imetoka kwenye domeini iliyoandikwa. Tapeli akinunua domeini inayofanana na ya kampuni, herufi "rn" mahali pa "m", anaiwekea SPF, DKIM na DMARC bila shida, na zote zinapita. Au haghushi anwani kabisa: anafungua akaunti ya bure, kisha kwenye sehemu ya jina anaandika jina la mkurugenzi wako. Programu nyingi za simu huonyesha jina peke yake. Gusa jina, anwani kamili ifunguke. Angalia pia "Reply-To", kwa sababu unaweza kujibu barua ukidhani inarudi kwa mtumaji, kumbe inakwenda kwingine.

Na kuna hali ambayo hakuna ukaguzi wa barua utakaokusaidia: akaunti ya mshirika wako wa kweli imedukuliwa, tapeli anasoma mazungumzo yenu ya ankara, kisha anajibu ndani ya mazungumzo hayohayo akisema akaunti ya benki imebadilika. Kila kitu ni halali isipokuwa mtu. Ndiyo maana kwa malipo kanuni iwe moja na isiwe na msamaha: mabadiliko yoyote ya akaunti ya kulipia yathibitishwe kwa simu, kwa namba mliyokuwa nayo *kabla* ya barua hiyo kufika.

---

Mwanakazi

Mimi naona njia rahisi ni mbili tu. Angalia lugha, barua za kitapeli huwa na makosa mengi. Halafu angalia kufuli pale kwenye anwani ya tovuti. Likiwepo, tovuti ni salama.

---

MlindaLango

@Mwanakazi, hizo kanuni zilifundishwa sana lakini sasa zinawaumiza watu, naomba tuziache. Lugha safi siku hizi inaandikwa na mashine kwa sekunde, kwa lugha yoyote. Kosa la lugha likiwepo ni sababu ya kushuku, ila lisipokuwepo halikupi sababu ya kuamini.

Kuhusu kufuli: linasema mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halisemi mwenye tovuti ni nani. Vyeti vya HTTPS hutolewa bure na papo hapo, kwa hiyo tovuti ya tapeli nayo ina cheti. Google yenyewe iliiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya hivyohivyo.

Cha kusoma ni domeini, na ina namna yake ya kusomwa. Baada ya "https://" tafuta mkwaju wa kwanza, kisha rudi kushoto. Kipande cha mwisho kabla ya mkwaju pamoja na neno lililotangulia nukta yake ndiyo domeini yenyewe (kwa nchi zinazotumia vipande viwili mwishoni, ongeza neno moja). Kwa mfano:

https://example.com.ingia.test/akaunti ni mali ya mwenye ingia.test. Hiyo "example.com" ya mbele ni pambo.

https://example.com@ingia.test/ inakwenda ingia.test pia, kwa sababu kilichotangulia alama ya @ huchukuliwa kuwa jina la mtumiaji.

Hata hivyo macho yana mwisho wake. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili domeini iliyoandikwa yote kwa herufi za Kisiriliki (kama zile za Kirusi), ambayo kwenye baadhi ya vivinjari vya wakati ule ilionekana kama apple.com kamili. Jina lake halisi la kimtandao lilianza na "xn--". Vivinjari viliimarishwa baada ya hapo, lakini programu za ujumbe na barua hazifanani katika ulinzi huo.

Kwa hiyo, badala ya kutegemea jicho, mkabidhi kazi hiyo mtu asiyechoka, yaani mashine. Programu ya kutunza nywila huhifadhi nywila pamoja na domeini. Ukifika kwenye tovuti bandia, hata ikifanana kwa kila kitu, programu haijazi nywila, kwa kuwa kwake hiyo ni domeini nyingine kabisa. Ikikataa kujaza mahali ambapo kila siku hujaza, simama. Kosa ambalo watu hufanya hapo ni kudhani programu imeharibika, wakanakili nywila kwa mkono na kuibandika. Kwa kufanya hivyo wameizima kengele yenyewe.

Kilicho imara zaidi ni funguo za siri (passkeys) zile zinazochukua nafasi ya nywila, au kifaa cha usalama cha kuchomeka. Msimbo wa tarakimu sita, uwe wa SMS au wa programu, unaweza kupitishwa: tovuti ya tapeli inakaa katikati, inapokea nywila na msimbo wako, inaviingiza kwenye tovuti halisi papo hapo na kubaki na kibali cha kuingia. Ufunguo wa siri hautoi jibu isipokuwa kwa domeini uliyosajiliwa nayo, kwa hiyo hakuna cha kupitisha. Uthibitishaji wa hatua mbili kwa SMS bado ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini kwa barua pepe yako, ambayo ndiyo inayorejesha nywila za akaunti nyingine zote, weka ufunguo.

Wi-Fi ya hadharani: aliye kwenye mtandao uleule anaweza kuiambia simu yako kwamba yeye ndiye ruta, maana itifaki ya ARP, ambayo vifaa hutumia kutambuana ndani ya mtandao, nayo ni ya 1982 na haina ukaguzi, au kukupa majibu ya uongo ya DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya kimtandao. Hapo HTTPS inakukinga, *mradi* usipuuze onyo la cheti. Kivinjari kikisema cheti hakilingani, usibonyeze kuendelea. Funga, tumia data ya simu.

---

Mdadisi77

Nashukuruni sana, sasa picha imekaa. Nina la nyongeza: je, mwenye biashara ndogo yenye domeini yake afanye nini ili watu wasitume ankara za uongo kwa jina lake?

---

Barua_Halisi

Kazi yote inafanyika kwenye DNS, na haina gharama ya ziada.

Anza kwa kuorodhesha kila kinachotuma barua kwa domeini yako: barua za ofisi, mfumo wa ankara, huduma ya majarida, fomu ya tovuti. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayosababisha barua zako halali zipotee baadaye.

Weka rekodi moja tu ya SPF, yenye kuanza na v=spf1 na kumalizia na -all au ~all. Rekodi mbili za SPF kwenye domeini moja ni kosa, ukaguzi unafeli. Pia kuna kikomo cha utafutaji 10 wa DNS ndani ya rekodi hiyo. Kila huduma unayoiongeza kwa "include" inakula angalau mmoja, na ukivuka 10 matokeo yanakuwa hitilafu ya kudumu.

Washa DKIM kwa kila huduma inayotuma, kwa ufunguo wa biti 2048. Hii ni muhimu kwa sababu aliyepokea barua akiwa ameiwekea kuelekezwa (forward) kwenye anwani nyingine, SPF kwa kawaida huvunjika, ila saini ya DKIM husalimika kama barua haikubadilishwa.

Kisha DMARC, rekodi ya maandishi (TXT) kwenye _dmarc.example.com, ukianza hivi:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com

Hiyo p=none haizuii chochote, inaleta ripoti tu. Zisome kwa wiki kadhaa, utaona seva halali ulizozisahau na za wageni zinazotumia jina lako. Zako zikishapita zote, panda hadi p=quarantine, ambapo za uongo huwekwa kwenye barua taka, na mwishowe p=reject. Biashara nyingi huishia p=none na kudhani zimejikinga. Hazijajikinga.

Kama una domeini ambayo haitumi barua kabisa, iwekee v=spf1 -all na DMARC ya p=reject siku hiyohiyo. Hizo ndizo zinazosahaulika na kutumiwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa (kwa Google, wa kuanzia barua kama 5,000 kwa siku) wawe na SPF, DKIM na DMARC, kwa hiyo hata biashara ikikua hutalazimika kuanza upya.

DMARC haizuii domeini zinazofanana na yako. Kwa hilo, andika kwenye kila ankara kwamba akaunti ya malipo haibadilishwi kwa barua pepe.

---

Neno_Kali

Na kwa aliyekwisha kutoa msimbo au nywila, aanzie wapi? Watu wengi huja kuuliza wakiwa tayari wamefika hapo.

---

FundiMawimbi

Benki kwanza, kwa namba ya kwenye kadi, kabla ya kitu kingine chochote. Pesa iliyohamishwa dakika kumi zilizopita huenda bado inazuilika, ya jana ni shida zaidi. Kama alikuelekeza usakinishe programu ya kudhibiti kifaa kwa mbali, zima Wi-Fi na data ya kifaa hicho mara moja, na hatua zote zinazofuata zifanyie kwenye kifaa kingine.

Baada ya benki, barua pepe. Badilisha nywila, kisha amuru vifaa vyote vitolewe kwenye akaunti, kwa sababu nywila mpya peke yake siyo kila mara humtoa aliyekwisha ingia. Halafu fungua mipangilio na kagua vitu vinne: sheria za kuelekeza au kuficha barua, barua pepe na namba ya simu ya kurejeshea akaunti, programu za nje zilizopewa ruhusa, na funguo au njia za uthibitisho usizozitambua. Tapeli mzoefu huweka sheria moja tu ya kuzipeleka barua za benki kwenye folda ya zilizofutwa, na mwenye akaunti anaweza kukaa miezi asione tahadhari yoyote.

Simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati wa haya yote, ishuku laini: huenda imehamishiwa kadi nyingine. Wasiliana na kampuni ya simu kupitia simu ya mtu mwingine, laini ifungwe, kisha weka PIN ya kuzuia mabadiliko kama kampuni inayo.

Hifadhi ushahidi kabla ya kufuta: picha za skrini, barua asili yenye vichwa vyake, namba, muda. Toa taarifa polisi na upate namba ya kumbukumbu, kwa kuwa benki inaweza kuidai.

Kama ni namba *yako* iliyoghushiwa, na watu wanakupigia wakilalamika uliwapigia, laini yako haijadukuliwa kwa lazima. Weka ujumbe wa sauti unaoeleza hali, ijulishe kampuni ya simu, na usibadilishe namba kwa haraka, kwa kawaida matapeli huhamia namba nyingine.

Majuma yanayofuata atatokea mtu, pengine akijiita wakili au mpelelezi, akisema anaweza kurudisha pesa zako kwa ada ndogo ya awali. Majina ya waliotapeliwa huuzwa. Usimlipe, mkatie, na namba yake uiongeze kwenye taarifa uliyotoa polisi.